Kijana wangu anaumwa tumbo kila siku ya kusoma kwa sauti

Jambo sana, Tantine.

Nakuandikia kutoka Katuba, hapa hapa Lubumbashi. Naomba usitaje jina langu, maana hata mwalimu wa mwanangu huenda anasoma safu hii.

Kijana wangu ana miaka tisa, yuko mwaka wa tatu wa msingi. Miaka miwili ya kwanza alikuwa shule ya serikali karibu na nyumbani, wanafundishwa kwa Kiswahili, na sikuwa na shida naye. Ila darasa lilijaa sana, watoto wanabanana kwenye benchi moja mpaka hawana pa kuweka kiwiko. Baba yake akasema tujikaze, tumpeleke shule ya binafsi ambako kila kitu ni Kifaransa tangu mwaka wa kwanza. Tukamhamisha Septemba.

Jumanne na Alhamisi ndizo siku zao za kusoma kwa sauti. Jumatatu usiku hali chakula vizuri. Jumanne asubuhi tumbo linauma, na amewahi kutapika akiwa ameshavaa nguo za shule. Jumatano ni mzima kabisa, anacheza mpira mpaka giza. Nilidhani ni malaria au minyoo, tukaenda kituo cha afya, wakapima, hawakuona kitu.

Aliyenifungulia macho ni binti wa jirani, wanasoma darasa moja. Anasema madamu huanzia benchi la mbele, kila mtoto anasimama, anasoma sentensi yake, anakaa, anafuata mwingine. Mwanangu huwa anahesabu watoto walio mbele yake, kisha anahesabu sentensi, apate kujua itakayomwangukia, aanze kuinong'ona mapema. Siku moja mtoto mmoja wa mbele akaombwa aende kuleta chaki. Hesabu ikaharibika. Ikamwangukia sentensi ambayo hakuiandaa: "Les enfants chantent." Akasoma kila herufi aliyoiona, "shantenti". Darasa zima likacheka. Tangu siku hiyo uwanjani wanamwita Shantenti.

Nyumbani nako nimemgundua. Nilikuwa nafurahi kwamba anasoma kitabu chake vizuri. Kumbe dada yake, aliye mwaka wa sita, akisoma kwa sauti yeye anakariri. Juzi nilifungua ukurasa mwingine bila kumwambia, akaendelea na maneno ya ukurasa tuliouacha.

Baba yake anafanya kazi Kolwezi, anarudi mwisho wa mwezi. Kila Jumapili jioni anapiga simu na kumwambia, "Chukua kitabu, nisomee." Mtoto akikwama, baba anapandisha sauti. Anasema yeye mwenyewe alifundishwa kwa fimbo na leo anasoma mikataba ya kazi bila kuuliza mtu. Mama mkwe anasema ni roho ya woga, tumpeleke kwa pasta aombewe mbele ya kanisa. Shuleni wameanza kusema arudi mwaka wa pili. Mimi nimemwekea saa moja ya kusoma kila jioni baada ya bukari (ugali), na Kifaransa changu ni kile cha kuuzia kapenta (dagaa) soko la mtaa wetu wa Kenya hapa mjini, kwa hiyo hata kumsahihisha siwezi. Inaishia kwa machozi, yake na siku nyingine yangu.

Ni mvivu? Ana ugonjwa wa kichwa? Nimrudishe kule kwenye Kiswahili?

Mama wa Katuba

*

Jambo, mama.

Mtoto anayehesabu vichwa, akahesabu na sentensi, akapata jibu, akaanza kujifunza sentensi yake kimya kimya huku anajifanya anafuata somo, huyo umwite kila jina isipokuwa mvivu. Kukariri ukurasa mzima wa lugha usiyoielewa vizuri, kwa kumsikia dada tu, nako ni kazi ambayo mimi siiwezi. Akili anayo. Anaitumia yote kujikinga na aibu, haibaki ya kusomea.

Nianze na hilo "shantenti", kwa sababu ndani yake mna habari nzuri ambayo hakuna aliyekuambia. Mwanao alisoma sawasawa kabisa, kwa kanuni aliyofundishwa. Miaka miwili shule ya kwanza ilimwambia: kila herufi unayoiona ina sauti yake, itamke. Katika Kiswahili kanuni hiyo haikudanganyi. Neno refu kama "wanapofundishwa" mtoto analivuka silabi kwa silabi mpaka mwisho. Kifaransa hakiko hivyo. Katika "chantent" zile herufi tatu za mwisho zimeandikwa na hazitamkwi hata moja. Sauti moja ya "o" inaweza kuandikwa o, au, eau, na bado hujamaliza. Aliyemhamisha mtoto kutoka kanuni moja kwenda nyingine alipaswa kumwambia kwamba kanuni zimebadilika. Inaonekana hakuna aliyemwambia. Wenzake wamekuwa na kanuni hizo tangu mwaka wa kwanza, yeye amezikuta darasani Septemba na siku ya tatu akatakiwa asimame.

Na usidhani ni rahisi kwa Wafaransa wenyewe. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti uliolinganisha watoto wanaojifunza kusoma katika lugha 13 za Ulaya. Mwishoni mwa mwaka wa kwanza wa shule, watoto wa Finland, ambao lugha yao huandikwa kama inavyotamkwa, walisoma sawasawa maneno ya kawaida 98 kati ya 100. Watoto wa Kifaransa walifikia kama 79. Hao ni watoto wanaoamshwa kwa Kifaransa na kugombezwa kwa Kifaransa. Wako anagombezwa kwa Kiswahili, pengine na Kibemba kidogo cha bibi.

Kwa hiyo kabla ya kumwita mgonjwa, nataka umpime wewe mwenyewe, na hapa Kifaransa chako cha sokoni hakina kazi. Tafuta maandishi mafupi ya Kiswahili ambayo hajawahi kuyaona wala kuyasikia: hadithi fupi, tangazo, mistari michache ya Biblia isiyo ile ya kila Jumapili. Chagua saa ambayo dada hayupo. Mwambie unataka kusikia hadithi, usimwambie ni mtihani. Kisha msikilize bila kumsahihisha.

Akisoma vizuri, hata polepole, kusoma anajua. Shida yake ni Kifaransa na masikio ya watu. Akikwama hata kwenye Kiswahili, kwa maneno ya kila siku, tena herufi zile zile zikimpiga chenga kila mara, hapo kuna jambo lingine la kutafuta. Anza na macho, kwa sababu ndiyo rahisi: anasogeza daftari karibu na pua? anakosea anaponakili kutoka ubaoni? Halafu masikio, hasa kama aliwahi kuumwa masikio akiwa mdogo. Macho na masikio yakiwa salama na bado anahangaika, ipo hali inayoitwa disleksia, ambayo mtoto huzaliwa nayo na haihusiani na ujinga. Katika lugha zinazoandikwa kama zinavyotamkwa, mtoto wa namna hiyo mara nyingi hakosei sana; husoma polepole mno na kuchoka haraka. Lakini kwa jinsi ulivyoniandikia kwamba miaka miwili ya Kiswahili hukuwa na shida naye, mimi naelekea kwenye lile la kwanza.

Sasa woga. Huu nao ni kitu halisi, na una jinsi unavyoharibu kazi. Ili mtoto asome neno jipya, anashika sauti ya kwanza kichwani, anaongeza ya pili, ya tatu, asiiache ya kwanza ianguke, halafu anaunganisha. Mahali pa kushikia sauti hizo kichwani ni padogo, kama lile benchi la shule yake ya zamani. Woga ukija nao unakaa hapo hapo: wanacheka? zamu yangu? madamu ananitazama? Basi neno ambalo jana mezani alilisoma, leo hana pa kuliweka. Ndiyo sababu wazazi wengi husema "nyumbani anajua, shuleni anafanya makusudi". Hafanyi makusudi. Utafiti mmoja wa Marekani, uliochapishwa 2019, uliwafuata watoto wa miaka miwili ya kwanza ya shule ukaona mambo haya yanasukumana: usomaji dhaifu unazaa woga, na woga nao unadhoofisha usomaji. Kila Jumanne inayopita vibaya inaiandaa Alhamisi.

Mahali pa kukata mzunguko huo ni kwa wasikilizaji. Hesabu mwenyewe watu wanaomsikiliza kijana huyu akisoma: darasa zima, madamu, dada wa mwaka wa sita asiyekosea, wewe kwa saa nzima kila jioni, na baba kwa simu kutoka Kolwezi. Kila mmoja anamsikiliza ili aone kosa. Hana hata dakika moja ya kusoma vibaya kwa amani, na hakuna aliyejifunza kusoma bila kusoma vibaya kwanza.

Nianze na baba, maana najua hapo ndipo pagumu kwako. Usimwambie anakosea. Mwambie una kazi ya kumpa ambayo wewe huiwezi, na ni kweli huiwezi. Anajua Kifaransa, mtoto anamkumbuka, na yuko mbali. Basi Jumapili yeye ndiye asome. Achukue picha ya ukurasa mmoja wa kitabu cha mtoto, ausome kwa odio ya WhatsApp, polepole, kwa sauti ya kawaida, autume. Mtoto asikilize huku kidole kinafuata maneno, mara nyingi apendavyo, wiki nzima. Akiona yuko tayari, na akitaka, ajirekodi yeye. Akijisikia hakupendezwa, afute, arudie. Baba atapokea ile ambayo mtoto mwenyewe ameichagua. Tofauti na simu ni kubwa: kwenye simu kosa linasikika papo hapo na hasira inarudi papo hapo; kwenye odio mtoto ndiye anayeamua lini asikike. Na kurudia kifungu kimoja kifupi mara kadhaa si kudanganya. Mmarekani Jay Samuels aliieleza njia hiyo tangu 1979, na walimu wa kusoma wanaitumia hadi leo.

Kuhusu fimbo, baba anasoma mikataba, sawa. Amuulize na mwenzake mmoja wa darasa lile aliyeacha shule kwa sababu ya fimbo hiyo hiyo. Wapo, na hawasomi mikataba. Lakini hilo, mama, limwambie akiwa ameshiba.

Saa moja ya jioni, ifute. Leo. Weka dakika kumi, na ziwe za Kiswahili, na ziwe zako. Kuna njia ambayo ilianzia Uingereza miaka ya 1970, wazazi wasio walimu wanaiweza: mnasoma kwa sauti pamoja, midomo miwili, maneno yale yale, mwendo wa mtoto. Mnakubaliana ishara, tuseme agonge meza. Akigonga, wewe unanyamaza, anaendelea peke yake. Akikwama, unahesabu moyoni mpaka nne au tano, unamtajia neno, mnaendelea tena pamoja. Hakuna "soma tena", hakuna "nimekwambia jana". Dakika kumi zikiisha mnafunga, hata kama hadithi imenoga. Hasa kama imenoga.

Hadithi za kusoma zipo hata kama vitabu ni ghali. African Storybook, mradi wa Afrika Kusini, unatoa hadithi fupi zenye picha bure kwenye simu, Kiswahili kimo na Kifaransa kimo. Mjini kati, Institut français iliyoko Halle de l'Étoile ina maktaba. Siku ukienda mjini pita uulize masharti ya watoto. Kama una mdogo wake hapo nyumbani, au mtoto wa jirani ambaye hajaanza shule, mpe kijana kazi ya kumsomea. Msikilizaji wa miaka minne hajui herufi zipi hazitamkwi. Anataka kujua kama fisi alikula au hakula.

Dada mtu mtoe kwenye kazi ya kusahihisha. Hana kosa, ila kila akifungua mdomo, mdogo wake anasikia jinsi alivyo nyuma. Na nyinyi wakubwa mkome kusema "mwone dada yako" hata kwa utani.

Madamu. Nenda umwone, lakini usiende Jumanne asubuhi mtoto akiwa ananing'inia kwenye kitenge chako, na usimseme mbele ya darasa. Nenda jioni watoto wakishatoka. Mimi simchukii mwalimu huyu. Kusomesha kwa zamu ndiko alikosomeshwa yeye, na akiwa na darasa kubwa ni njia ya haraka ya kujua nani yuko wapi. Usimpe hotuba. Mwombe mambo mawili tu, anayoweza kuyafanya bila kubadilisha somo lake. La kwanza, amwambie mtoto siku moja kabla ni sentensi zipi zitakuwa zake, ili aziandae nyumbani wazi wazi badala ya kuhesabu vichwa. La pili, kwa wiki chache amsomeshe pamoja na benchi zima, sauti kwa pamoja, kama wanavyofanya na majedwali ya kuzidisha. Ukiona sikio limefunguka, mwambie na habari ya lile jina la uwanjani. Mwalimu akilikataza jina mara moja kwa uso mkavu, linakufa. Mzazi akilikataza, linapata nguvu.

Mwombe pia akusaidie na zile kanuni mpya: herufi zisizotamkwa na zinazoungana. Mtoto wa miaka tisa anaelewa akiambiwa waziwazi kwamba Kifaransa kina herufi za kuonekana tu. Wengine huona ni kichekesho, wanaanza kuziwinda kwa penseli, wanazizungushia duara. Kijana anayejua kuhesabu sentensi zijazo atapenda kazi hiyo.

Tumbo. Linauma kweli, usimwambie anaigiza. Umeshampima, vizuri, sasa unajua ni woga unaoshuka tumboni. Mwambie hivyo hivyo: "Najua linauma, ni woga, linapungua ukishafika." Kisha aende shule. Hapa nitakuwa mkali kidogo: siku ya Jumanne ukimwacha alale nyumbani, tumbo linapoa saa mbili, na kichwa chake kinajifunza kwamba dawa ni kutokwenda. Alhamisi litauma zaidi. Uji mwepesi, mkono begani, twende. Ndiyo maana nataka umwone madamu kwanza, ili unapompeleka asikutane na Jumanne ile ile.

Mama mkwe na pasta: sina ugomvi na maombi. Aombewe, na bibi akae karibu akimshika mkono, atafarijika. Ila mbele ya kanisa zima, hapana. Mtoto anayeogopa kutazamwa huwezi kumponya kwa kumsimamisha mbele ya watu wengi zaidi. Pasta mwenye busara atakuja nyumbani.

Kumrudisha mwaka wa pili. Waulize shuleni: atarudi kufundishwa kitu gani ambacho hakufundishwa? Kama jibu ni kwamba watamfundisha kusoma Kifaransa kuanzia herufi na sauti zake, basi wanaweza kumpa hilo hilo mwaka huu, hata nusu saa baada ya masomo, bila kumwongezea jina jingine uwanjani. Kama jibu ni "ataelewa tu akirudia", usitie sahihi sasa. Omba wangoje trimesta ya tatu, na uombe hilo kwa direkta, kwa adabu, kabla hawajaliandika kwenye buletini, ile ripoti ya matokeo yake.

Na kumrudisha shule ya kwanza? Hilo mlijibu nyinyi wenyewe mlipoona benchi. Tangu shule za msingi za serikali zifanywe bure mwaka 2019 watoto wengi walioachwa nje wameingia, ni jambo jema, na madarasa yamejaa. Siwezi kukuamulia kutoka hapa. Ila msiuweke kama kushuka, kwamba Kiswahili ni cha waliofeli. Katiba ya Kongo ya 2006 imekiweka kati ya lugha nne za taifa, na sheria ya elimu ya 2014 inazikubali lugha hizo za kufundishia. Mtoto anayesoma Kiswahili kwa raha ana mahali pa kusimama anapokwenda kushika Kifaransa. Akibaki hapo alipo, zile dakika kumi zako ziwe za Kiswahili hata atakapokuwa amezoea. Akirudi kule, odio za baba ziendelee za Kifaransa.

Jaribu haya mpaka Pasaka, uanze na kile kipimo cha Kiswahili. Kikionyesha kwamba anakwama hata huko, niandikie tena mapema, na uniambie ni maneno gani hasa yaliyomshinda.

Tantine